Tugawane Maelezo Yetu, Si Faili la Wenyewe

Katika makundi ya mtandaoni ya watu wanaojiundia vifaa vya kielektroniki nyumbani, ni kawaida mtu kuuliza kama kuna mwenye nakala ya kiwango fulani cha kiufundi (waraka unaoeleza kifaa au muunganisho ufanye kazi vipi), na mwingine kumjibu kwa kutuma faili zima. Mimi ni miongoni mwa wanaokataa kulituma, ingawa simhesabu muulizaji kuwa mwizi, kwa kuwa kwa kawaida anataka tu kujua waya upi uende wapi.

Chukueni kadi ya SD, iliyotokana na ushirikiano wa SanDisk, Panasonic na Toshiba mwaka 1999. Kiwango chake kamili ni cha wanachama wa SD Association, shirika linalosimamia kadi hizo, wanaolipa ada, lakini shirika hilo hilo hutoa bure toleo lililofupishwa kwa yeyote anayekubali masharti yake. Anayeunganisha kadi na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) kwa SPI, njia rahisi ya waya chache, hukuta humo karibu kila anachohitaji: saa, yaani mapigo ya umeme yanayoongoza mawasiliano, ianze taratibu, kati ya kilohezi 100 na 400, kadi ipewe angalau mapigo 74 kabla ya amri ya kwanza, kisha itumwe CMD0 ya kuianzisha upya, CMD8 ya kuuliza kama inaikubali volti iliyopo, na ACMD41 irudiwe hadi kadi ijibu kwamba iko tayari.

Mfuatano huo nimeueleza hapa kwa maneno yangu, na sijavunja sheria. Kifungu cha 9(2) cha mkataba wa TRIPS wa haki miliki, unaoifunga Kenya pamoja na nchi nyingine nyingi, kinasema kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, wala si wazo, utaratibu au mbinu ya utendaji. Aliyeusoma waraka akauelewa, akaandika maelezo yake na kuchora mchoro wake, yuko huru kuwagawia wenzake. (Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ni suala jingine kabisa.) Faili lenyewe ni kazi ya mtu, na kulisambaza ni kulinakili.

Wanafunzi wajihadhari zaidi. Nakala za IEEE, chama cha wahandisi kinachotoa viwango, zinazopakuliwa kwa leseni ya chuo hupigwa chapa ya jina la chuo na tarehe chini ya kurasa, hivyo anayezitupa kundini anakitaja chuo chake mwenyewe. Viwango vya IEEE 802, vikiwemo vya Ethernet na Wi-Fi, hutolewa bure miezi sita baada ya kuchapishwa, kwa hiyo hatari hiyo mara nyingi haina hata faida.

Lawama nyingine nawapa wenye viwango. Waraka wa USB hupakuliwa bure, na hilo halijaizuia USB kuenea kila mahali; PCI-SIG bado inawawekea wanachama peke yao viwango vyake vya PCI Express, muunganisho wa kadi za ndani ya kompyuta. Mwaka 2024 HDMI Forum, inayosimamia muunganisho wa skrini wa HDMI, ilikataa pendekezo la AMD, kampuni ya chipu, la kuiwezesha HDMI 2.1 katika programu huria za Linux, na kampuni kubwa ikikwama hivyo, fundi wa mezani atafika wapi? Mwenye mradi wa skrini ndogo namshauri aanze na DVI, muunganisho wa skrini uliotangulia HDMI: waraka wake wa mwaka 1999 unapatikana bure, na skrini nyingi zenye tundu la HDMI huyapokea mawimbi yake bila shida.