Shangazi aliuliza kazi yake

Tangu Jumanne maneno ya shangazi hayajanitoka. Nilimpigia kwa video baada ya zamu, akiwa barazani kwake Tabora, nikamgeuzia kamera ukutani aione ile gumegume ya mnadani, bunduki ya kale inayowashwa kwa cheche za jiwe, niliyowaandikia mwezi uliopita. Nilitaka afurahi nami. Akaitazama kimya mpaka nikadhani mtandao umekata, kisha akasema:

"Imeua nani?"

"Hilo halijulikani, shangazi."

"Si umesema ina miaka zaidi ya mia mbili? Umri wake umeujuaje?"

"Alama zake zinaonyesha."

"Basi, baba, alama zimekwambia umri, zikakuficha kazi?"

Akaanza kunisimulia habari za mvua. Mimi nikabaki palepale, na mpaka leo nipo palepale. Naendesha forklifti huku namsikia: zikakuficha kazi?

Maana alama nazijua, na najivunia kuzijua. Kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia kuna taji, herufi GR za mfalme George, na neno TOWER, yaani ile ngome ya London. Mtutu una urefu wa sentimita 99 na tundu lake lina upana wa milimita 19 hivi. Huo ni mtindo uitwao India Pattern, ambao jeshi la Uingereza liliuchukua kutoka kwa Kampuni ya East India, ya wafanyabiashara wa Kiingereza, mwaka 1797, kwa kuwa vita na Ufaransa vilidai bunduki nyingi, rahisi na za haraka. Mkono unaobana jiwe nao una habari yake. Ule wa awali ulipinda kama shingo ya bata na ulivunjika upesi, hivyo kuanzia 1809 wakauimarisha, ukawa na duara katikati. Wangu una duara. Nikaufungua mtambo, nikakagua kwa kioo cha kukuzia ubavu wa mtutu pale moto unapoingilia, kwa sababu gumegume nyingi ziligeuzwa kuwa za fataki, zinazowashwa kwa kigonga na kifuniko cha baruti badala ya jiwe, na miaka mingi baadaye wafanyabiashara wakazirudishia mtambo wa jiwe ili ziuzwe ghali. Zilizofanyiwa hivyo hubaki na tundu lililozibwa au chuma kilichojazwa. Yangu haina kovu lolote. Jioni ile nilikuwa na furaha ambayo mama Zuhura aliiona tangu mlangoni.

Ila kitakoni kuna misumari ya shaba, imepangwa mistari miwili. Jeshi halikupiga misumari ile. Aliyeipiga ni mtu aliyeipenda bunduki hii, au aliyetaka waliomwona nayo waiogope.

Hapo ndipo swali la shangazi linaponishika. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, bunduki hizi zilibaki maghalani kwa wingi, nyingine zikauzwa ng'ambo. Hapa Birmingham ninapoishi, mafundi walikuwa tayari wanatengeneza bunduki za biashara kwa ajili ya Afrika. Mwaka 1890 mataifa yakakubaliana huko Brussels kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya bara letu, lakini gumegume zisizo na mifuo, ile mifereji ya kuzungusha risasi, ndani ya mtutu yaliacha nafasi ziendelee kuingia. Mawe yake yalichongwa Brandon, kule Suffolk, na wachongaji waliendelea kuyauza Afrika hata karne ya ishirini ilipoingia. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: bunduki na baruti zikipanda kutoka pwani, pembe na watu wakishuka. Ndipo pia Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipolipua ghala lake la baruti mwaka 1893, Wajerumani walipoingia bomani mwake. Shangazi amekulia juu ya udongo huo. Hakuuliza kwa kunichokoza. Kwao bunduki huulizwa hivyo kwanza.

Kwa hiyo wiki niliyopewa usimamizi wa zamu, na binti yangu Zuhura akapata matokeo yake ya mwisho, mimi nilikuwa nahesabu misumari.

Jumamosi nilikwenda uwanja wa shabaha kwa uzito. Ile ya ukutani siifyatui. Sheria ya hapa inaniruhusu kuining'iniza kama pambo bila kibali, maadamu iwe pambo tu. Ninayopigia ni nakala mpya ya mtindo huohuo, ina kibali chake na kabati lake la kufuli. Gramu nne na nusu za baruti kutoka kwenye kichupa, goroli la risasi ndani ya kitambaa chenye mafuta, mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka vitulie chini, kisha baruti kidogo kwenye kibakuli. Jiwe likikwaruza chuma, moshi hupasuka karibu na shavu kwanza, mlio hufuata. Katikati ya hivyo viwili ndipo mpigaji anapojulikana, kwa sababu mwili wote unataka kushtuka. Nilisimama, sikushtuka. Mita hamsini, na risasi zote zikakaa ndani ya duara jeusi, mbili zikigusana. Kwa gumegume sijawahi! Mzee wa pembeni yangu aliweka yake chini akaja kunishika mkono. Nilirudi nyumbani nikinuka moshi, nikausafisha mtutu kwa maji ya moto na sabuni huku naimba.

Nilimtumia shangazi picha ya karatasi yenye matundu. Jibu lilikuja kwa sauti usiku, anacheka: "Karatasi haina mama, baba, piga tu. Na ile ya ukutani nipigie picha ya misumari kwa karibu. Yupo mzee hapa alikuwa fundi wa magobore, nitamwonyesha."

Nimezipiga picha saba, nimezituma. Namngoja huyo mzee kuliko ninavyongoja mshahara mpya.

Lakini kinachoninyima usingizi leo ni chumba cha Zuhura. Chuo cha Aberdeen, huko Scotland, bado hakijamthibitishia malazi, mwisho wa kulipa ni Ijumaa, na kila nikimuuliza ananijibu, "Baba, usijali." Huko ni mbali sana, na baridi yake si ya kwetu.