Siku moja maishani mwangu: nikizunguka bustani ya Mlima Rainier

Saa 11:30 alfajiri. Nikifungua macho, kitu cha kwanza kukitazama ni dirisha. Mlima ukiwa umejifunika mawingu, wageni watakuwa wachache na umande utakaa juu ya maua hadi adhuhuri. Ukiwa wazi, watakuja kwa mamia. Leo uko wazi wote, mita 4,392 za mwamba na barafu, na kileleni tayari pamepata wekundu wa jua ambalo sisi huku chini bado hatujaliona.

Ni wiki ya kwanza ya Agosti. Katika mwaka mzima ni majuma machache tu, mwishoni mwa Julai hadi katikati ya Agosti, ambapo miteremko ya Paradise, upande wa kusini wa Mlima Rainier katika jimbo la Washington nchini Marekani, huchanua karibu yote kwa pamoja. Mimi hujitolea katika hifadhi hii majuma hayo hayo. Kazi yenyewe ni kuzunguka njiani, kuongea na wageni na kuwaomba wasikanyage maua. Naipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa.

Saa 1:00 asubuhi. Niko Paradise, mita 1,645 juu ya usawa wa bahari. Begini nina maji lita tatu, koti la mvua, sweta zito, kofia, daftari dogo na kioo cha kukuzia. Hicho kioo ndicho chombo changu cha kazi. Nitapita njia ya Skyline, mzunguko wa kilomita karibu tisa unaopanda zaidi ya mita 500 kabla ya kukurudisha ulipoanzia. Pale inapoanza pana ngazi za mawe zenye maneno ya John Muir, mwandishi na mpenzi wa maumbile, aliyeupanda mlima huu mwaka 1888 na kusema kwamba katika kuzunguka kwake kote milimani hajaona bustani nzuri kama hii. Kila asubuhi nayasoma tena nikipanda.

Saa 2:00. Saa hii njia ni yangu peke yangu, nami huitumia kuchutama.

Chukua lupini, lile ua la buluu lililojaa kila mahali. Jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na katikati ya kiganja, pale vidole vyote vinapokutana, umande umejikusanya ukawa tone moja la duara. Ukilitazama kwa kioo unaona anga lote limo ndani yake, limepinduka chini juu. Jani halilowi, vinywele vyake vimelinyanyua tone, na upepo ukipita tone linatikisika bila kuanguka.

Pembeni yake kuna ua jekundu la zambarau ambalo wenyeji hulifananisha na brashi iliyochovywa rangi. Wekundu ule si wa petali. Ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni kijani, jembamba, limejificha ndani. Chini ya udongo mizizi ya brashi hii huingia katika mizizi ya jirani zake, mara nyingi lupini, ikafyonza maji na chakula, ingawa ina majani yake ya kijani na ingeweza kujitafutia kiasi. Kwa hiyo hapa buluu na nyekundu hazikukaa pamoja kwa bahati tu. Moja inaishi kwa kuishika nyingine, na ukikanyaga moja umezigusa zote mbili.

Saa 4:00. Juu kidogo, theluji bado imelala kwenye mabonde madogo yasiyopata jua la kutosha. Ukingoni mwake, pale inapoyeyuka, ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote. Mayungiyungi meupe yenye moyo wa manjano hayasubiri theluji iishe. Yanaitoboa. Leo nimeona moja limechomoza katika barafu nyembamba kama kioo cha dirisha, limejitengenezea tundu lake, na chini yake maji yanapita polepole kwenda kuuanzisha mto.

Hapo ndipo penye jibu la swali ninaloulizwa kila siku: kwani nyayo moja ina ubaya gani? Majira ya baridi ya 1971 na 1972, theluji iliyoanguka hapa Paradise ilifika jumla ya mita 28.5. Hata katika mwaka wa kawaida, ardhi hii huonekana katikati ya Julai au baadaye, na vuli ikiingia theluji inarudi. Ndani ya miezi hiyo miwili, mitatu, mmea uchipue, uchanue, utunge mbegu na uweke akiba ya kuulisha mwaka ujao. Ukivunjwa shina mwezi Agosti, hauna muda wa kuanza upya. Na udongo ukishashindiliwa na viatu, mbegu hazipati pa kuingia, maji yanateleza juu yake na kuubeba, na kovu linakuwa mfereji.

Saa 5:15. Binti wa miaka saba hivi amesimama hatua nne nje ya njia, lupini zikimfika kiunoni, baba yake akimpiga picha. Zamani ningepaza sauti. Nimejifunza kwamba mtu akikemewa hutoka, lakini hutoka amenuna, na kona inayofuata huingia tena.

"Njoo mwanangu, nikuoneshe kitu," nikamwambia. "Pita palepale ulipopita."

Akaja. Nikampa kioo na kumwelekeza kwenye jani lililokuwa kandokando ya njia, ambalo tone lake halijakauka. Akanyamaza kwa muda mrefu.

"Mlima umo ndani," akasema.

"Na umesimama kichwa chini."

Baba akainama naye akatazama, kisha akageuka kuangalia pale walipokuwa. Nyasi zilikuwa zimelala kwa umbo la viatu vidogo. "Samahani," akasema. "Tuliona kama pameshakanyagwa, tukadhani panaruhusiwa." Husema kweli. Wa kwanza hupita kwa sababu ya picha, wa pili kwa sababu ya wa kwanza, na wa ishirini haoni tena kwamba kulikuwa na maua.

Saa 6:00 mchana. Panorama Point, mahali pa juu pa kutazamia mandhari. Kusini Mlima Adams, mbele zaidi Mlima Hood, na volkano ya Mlima St. Helens uliokatika kichwa tangu ulipolipuka mwaka 1980. Nyuma yangu mto wa barafu wa Nisqually unanguruma. Kipande kimevunjika mahali fulani ndani yake. Mamoti mmoja, mnyama wa jamii ya kindi lakini mnene kuliko paka, akapiga mluzi mkali juu ya jiwe, na wenzake wote wakatoweka mashimoni. Tai alikuwa anapita. Nikala upesi, upepo ni wa baridi.

Saa 8:00. Nateremka upande wa pili hadi kwenye benchi la mawe la kumbukumbu ya Hazard Stevens na P. B. Van Trump, waliofika kileleni mwaka 1870 katika safari ya kwanza iliyoandikwa vizuri. Mwenyeji aliyewaongoza hadi karibu na hapa aliitwa Sluiskin, na maporomoko yaliyo chini kidogo yamebeba jina lake. Hunifurahisha kwamba yeye alipewa maji, wale wengine wakapewa jiwe.

Saa 10:00. Sasa niko kwenye kovu ninalolihudumia. Lilikuwa njia ya mkato, watu wakikwepa kona moja tu. Paradise ina makovu mengi, na si yote ya wageni wa leo. Miaka ya 1930 palikuwa na vibanda vya kulala na hata uwanja wa gofu juu ya maua haya haya. Kuponya ni kazi ya subira. Mbegu hukusanywa humu humu mwishoni mwa majira, hukuzwa kwenye kitalu, miche inarudishwa na kupandwa kwa mkono, na udongo ulio wazi hufunikwa matandiko ya nyuzi usichukuliwe na maji. Nimehesabu miche kutoka njiani. Mingi imeshika. Miwili ya lupini imetoa maua kwa mara ya kwanza, mafupi, hayazidi kidole changu, na nyuki mnene mwenye manyoya alikuwa juu ya mojawapo akisukuma petali zifunguke. Nilikaa pale mpaka alipoondoka.

Saa 12:00 jioni. Maporomoko ya Myrtle, mita 22, chini ya daraja la mwisho. Asubuhi maji yake yalikuwa utepe. Jua limeyeyusha theluji ya juu siku nzima na sasa yanashuka kwa kishindo, meupe, na ukungu wake unailowesha miamba yenye kuvu la kijani hadi ngazini. Mlima umesimama juu yake moja kwa moja. Watu wamejipanga kupiga picha, wote njiani, na leo sikuhitaji kusema neno.

Saa 2:00 usiku. Jua bado halijazama. Nimerudi hadi pale aliposimama yule binti. Nyasi zimeanza kuinuka, lakini mashina matatu ya lupini yamevunjika kabisa. Nimeandika daftarini: mahali, tarehe, matatu. Mwakani wiki kama hii nitapita kuyaangalia.