Boti ya kushona

Jana binti yangu alipanda kutafuta manila juu ya kabati, akashuka na lile bunda la ramani. Akalikunjua sakafuni. "Baba, hii nyumba mbona haina mlango?"

Zile zilikuwa ramani za kayaki, kijiboti chembamba cha kupiga kasia, nilizinunua mtandaoni. Seti kamili, yenye vipande vilivyokatwa tayari kwa mashine, ukijumlisha usafiri kutoka Marekani na ushuru, ilikuwa bei ya kufa mtu. Plaiwudi ya milimita 4 ikaja kwa basi kutoka Dar, gundi ya epoksi na kitambaa cha faibaglasi vikafuata, mama yake akanuna muda wote huo. Tuyaache.

Kazi tuliifanyia Mikindani, kwenye banda la fundi wa madau, mzee ambaye hajawahi kuunda chombo kwa kutazama karatasi. Akaigonga plaiwudi kwa ukucha. "Mwanangu, hii mbao au biskuti?" Shiti moja ina futi 8 na kayaki ilikuwa ya futi 15, kwa hiyo ncha zinachongwa mshazari zilaliane: urefu wa mshazari ni unene mara 8, yaani milimita 32. Hapo hakuuliza neno. Alichukua randa akaitoa safi kuliko picha ya kwenye ramani.

Kilichomshinda ni misumari.

"Hakuna, fundi. Tunashona." Nikamweleza kwamba Waingereza waliipa umaarufu njia hii mwaka 1963, kwa boti iitwayo Mirror, ili mtu ajiundie nyumbani.

"Juzi hiyo," akasema. Watu wa pwani walishona mitepe, vyombo vyao vya zamani, kwa kamba za makumbi, wakatweka matanga ya mkeka, na yeye hayo aliyasikia kwa babu yake.

Umeme ukakatika, drili ikafa. Mzee akatoa kekee yake, matundu yakajipanga madogo madogo ukingoni. Mbao mbili za chini tulizilaza moja juu ya nyingine, tukapitisha vipande vya waya wa shaba upande wa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, tukavisokota kwa koleo, vimelegea kidogo. Kisha yeye akashika upande wake, mimi wangu, tukazifungua taratibu. Plaiwudi ikalia. Kile kilichokuwa bapa kikapinda, ncha zikainuka zenyewe, mara pakawa na chombo. Mzee akarudi nyuma, akachuchumaa, akafumba jicho moja kuutazama mstari wa mkuku. Hakusema kitu. Mimi nilikuwa bado nimeshika, mikono inatetemeka, nangoja aniruhusu kuachia.

Yaliyobaki yalikuwa gundi na msasa. Epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao ilipokauka kwenye maungio, nikaanza kung'oa waya. Mzee akaja juu: "Mnashona, halafu mnafumua?"

Ilielea. Vijana wa pwani wakauliza samaki watakaa wapi. Mzee yeye aliuliza, chombo cha mtu mmoja kikizama, nani atarudi kusema?

Nilidhani angalau ile kazi itamwingia kidogo. Dau lililofuata alilipiga misumari kama kawaida, na waya wangu wa shaba akafungia mlango wa banda la kuku.