Raba za mpwa wangu, namba sifuri

Mimi ni mtu wa raba. Kiatu cha ngozi nakivaa nikilazimishwa tu, kwa hiyo mdogo wangu alipojifungua, zawadi ya mjomba ilijulikana mapema. Tatizo likawa mguu wenyewe: niliupima kwa rula akiwa amelala, sentimita 9 na kidogo. Raba za kununua za saizi hiyo ni ngumu kama kibao, na mtoto wa wiki tatu haendi popote, soli ya mpira ataifanyia nini? Nikatoa sindano ya kroshia.

Ndiyo, nafuma. Bibi alinifundisha nikiwa na miaka tisa, mguu wangu umefungwa plasta, sina pa kukimbilia.

Kiatu cha kwanza kilinitia aibu. Nilifuata maelekezo ya mfumaji mmoja wa Uingereza, na kila palipoandikwa dc, kifupisho cha double crochet, nikafuma kitanzi kirefu, kama Wamarekani wanavyoandika. Kumbe kwa Waingereza dc ni kitanzi kifupi, kile kile ambacho Wamarekani wanakiita sc, yaani single crochet. Herufi mbili tu, lakini kimo kinazidi maradufu. Nami kwa kiburi changu sikupima hadi nilipomaliza. Likatoka dude la kumtosha mtoto wa miaka miwili, tena limejaa matundu kama chujio. Siku hizi kabla sijagusa uzi napitia maelekezo yote nikitafuta sc. Nikiiona, najua ni mtindo wa Kimarekani, maana Waingereza hawana kitanzi cha jina hilo.

Nikaamua kuhesabu mwenyewe. Uzi wa pamba, sindano ya milimita 3, na mkono wa kubana kidogo. Soli inaanza na mnyororo wa vitanzi 12. Unafuma vifupi kuuzunguka pande zote mbili, huku ukijaza vya ziada kwenye ncha ili zipinde, unapata 26. Mzunguko wa pili unaongeza vitatu kidoleni na vitatu kisiginoni, 32. Wa tatu hivyo hivyo, 38. Ukiiweka mezani inaonekana kama ulimi wa ng'ombe mdogo, na kwa mkono wangu inafika sentimita 9 na ushei. Kushoto na kulia usihangaike navyo, umri huo jozi ni viatu viwili vinavyofanana.

Sasa inakuja sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayotenganisha raba na soksi. Tazama juu ya kila kitanzi: kuna nyuzi mbili zimelala kama herufi V. Kwa kawaida sindano inapita chini ya zote mbili. Mzunguko wa nne, kwa uzi mweupe, unashika ule wa nyuma peke yake na huongezi kitu. Ule wa mbele unabaki nje, unakuwa kama pindo, na ghafla soli inaacha kulala: ukuta unasimama wima. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ongeza mzunguko mwingine mweupe wa kawaida, kisha pitisha mnyororo mwembamba mwekundu juu yake, kama ule mstari wa kwenye raba za turubai. Converse wamekuwa wakitengeneza All Star tangu 1917, na bado mtu akiona ukingo mweupe na pua nyeupe anajua ni kiatu cha aina gani, hata kama ni cha uzi na kinaenea kiganjani.

Pua inakula vitanzi 14 vya mbele, ulimi unapanda juu yake, na vile 24 vilivyobaki unavifuma kwa kwenda na kurudi hadi kwenye kifundo, ukiacha matundu ya kamba. Hapo hakuna siri.

Kamba ndiyo inayonipa wasiwasi. Mnyororo wa vitanzi 70 unatosha, na katikati yake naushonea kwenye kiatu usichomoke. Vifungo na nyota za kubandika siweki, kila kitu kinaishia mdomoni. Na ndani nageuza kiatu kama mfuko, napitisha kidole kila mahali nikitafuta uzi uliolegea, kwa sababu uzi mmoja tu unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto ukabana damu, na hana namna ya kukueleza zaidi ya kulia.

Kiatu cha pili kilinila siku mbili. Nilikuwa nimeshafika kwenye ukingo mweupe nikaona pua inatazama pembeni. Kuhesabu: 37. Nilijidanganya kwamba hakuna atakayeona, nikaenda kulala, nikaamka saa nane usiku kufumua.

Mdogo wangu alimvalisha, akampiga picha, akaniuliza, "Kaka, akianza kutembea utamfumia kubwa zaidi?" Hapana. Uzi unateleza sakafuni, akianza kusimama atanunuliwa za mpira kama mjomba wake.

Lile dude la dc ninalo mezani. Linahifadhi sindano zangu, mkasi mdogo na ile rula, na ulimi wake umening'inia nje.