Mche bure, maji je?

Nina steshenari ndogo hapa Newala, jirani na stendi. Msimu wa korosho kazi ni nakala za vitambulisho na fomu za benki, foleni mpaka barazani. Korosho zikishauzwa, benchi langu linakaliwa na watu wengine: vikundi vya mikopo, wanaofuatilia mirathi, na miaka ya karibuni wanaotaka ruzuku za kupanda miti. Nimechapa maandiko ya miradi ya miti mpaka "lengo mahsusi" na "uendelevu wa mradi" vidole vinayaandika vyenyewe. Karatasi zake nazijua. Shamba nalijua pia, maana mjomba wangu analima upande wa Mahuta na hesabu zake zote nazipiga mimi.

Kwa asiyefahamu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo iliyoleta Mfuko wa Misitu Tanzania. Sehemu ya fedha zake inatoka kwenye tozo na mrabaha wa mazao ya misitu, yaani gogo linalokatwa linachangia mche unaopandwa. Mfuko hutoa ruzuku ndogo, za kati na kubwa, kwa mtu mmoja mmoja, vikundi na taasisi. Unaandika andiko, unaambatanisha bajeti na uthibitisho wa eneo, unasubiri. Wateja wangu wengi hawafiki huko. Ruzuku wanayoishika kwa mkono ni mche: kiriba, yaani kifuko cheusi cha plastiki chenye udongo na kijiti cha mtiki au mti wa kivuli, kimeletwa na lori, bure.

Na miche inatakiwa mingi. Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mkoa wetu wa Mtwara una halmashauri 9, kwa hiyo ni miti milioni 13.5 kila mwaka. Kama yote ingeshika, tungekuwa tunatembea kivulini kutoka hapa mpaka Masasi. Ukipita barabara ile mwezi wa kumi utaniambia umekiona wapi hicho kivuli.

Mche wa bure sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na tarehe.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili. Kwa mtu wa Tanga au Kilimanjaro tarehe hiyo ni safi kabisa, masika ndiyo kwanza yanakolea. Sisi kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Aprili ikielekea ukingoni watu wanaanza kuangalia mbingu bila matumaini. Mei inatukuta kwenye vumbi. Mche uliopandwa 1 Aprili huku unapata wiki chache za mvua, halafu unakabidhiwa kiangazi cha miezi sita ukiwa bado haujajua mzizi wa kwenda chini ni upi. Heri halmashauri zinazozindua mapema, Desemba au Januari.

Ipo ofisi moja, siitaji, ilileta miche kijijini kwa mjomba katikati ya Aprili. Nilikuwepo siku hiyo. Lori lilifika alasiri, miche ikashushwa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Majani ya mitiki yalikuwa yamekauka kingo kwa upepo wa njiani, yakikunjika ukiyagusa. Viriba vya chini vilikuwa vimepasuka kwa uzito wa vya juu, udongo umemwagika, mizizi iko nje kama ndevu. Mtendaji akafungua daftari: jina, idadi, sahihi. Kila aliyesaini akahesabiwa amepanda. Mjomba alichukua miche 100, akaipanga kivulini, akaniambia, "Mpwa wangu, hii nikiipanda leo naizika."

Nikampigia hesabu kwenye simu, pale pale. Miche 100, kila mche lita 3 mara 2 kwa wiki, ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Kiangazi dumu la kuletewa na bodaboda nalinunua shilingi 500. Hiyo ni 15,000 kwa wiki. Wiki 26 mpaka mvua irudi, 390,000. Miche yenyewe, angeinunua kitaluni kwa 500 mmoja, ingekuwa 50,000. Serikali imetoa hiyo 50,000, mkulima amalizie 390,000.

Wasiolijua eneo letu wataona nakuza mambo. Juu ya uwanda huu wa Makonde hakuna mto wala chemchemi ya kuchota njiani. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, maji yanakwenda kutokea mabondeni. Maji ya bomba yanasukumwa kutoka Mitema, kule chini Kitangari, kuja juu kwetu. Siku yasipotoka tunategemea visima vya kuvunia maji ya mapaa, na visima hivyo Septemba vinalia debe tupu. Nani mwenye akili atamwagilia mtiki wakati wanawe wanaoga kwa kopo?

Mche huohuo ukipandwa wiki ya pili ya Desemba unakunywa mvua ya bure zaidi ya miezi minne. Mzizi unashuka, na kiangazi kinapofika mti unajitafutia. Hili halihitaji profesa, kila bibi anayepanda mkorosho analijua. Tatizo liko kwenye kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Fungu la miti likitoka Oktoba, kitalu kinaanza Oktoba, na mche unafikia kimo cha kupandwa Februari au Machi. Kisha linatafutwa lori, halafu mafuta ya lori, na Aprili hiyo hapo. Ili miche iwe tayari Desemba, mbegu inabidi iwe kitaluni kufika Julai au Agosti, kwa hiyo fedha yake inatakiwa itengwe na itolewe kwenye bajeti ya mwaka unaotangulia. Hilo tu lingefanyika, nadhani lingeokoa miche mingi kuliko semina zote nilizowahi kuchapia vyeti vya ushiriki.

La pili ni kinachohesabiwa. Taarifa ya miti huandikwa siku ya kupanda, pakiwa na picha, mgeni rasmi na jembe jipya lenye mpini mweupe. Mwezi wa kumi hakuna anayeleta taarifa ya miti iliyobaki nimchapie.

Wenzetu Uganda walifanya vingine. Kuanzia mwaka 2004, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, waliendesha mpango wa ruzuku kwa wanaopanda miti ya mbao. Mkulima alipanda kwanza kwa fedha zake, wakaja wakaguzi kuangalia nafasi kati ya miti, palizi na miche iliyoshika, ndipo akarudishiwa takribani nusu ya gharama. Uliyepanda ukaacha magugu, hupati kitu. Naupenda ukali wake, ila ni mpango wa mwenye mtaji. Mjomba wangu asingevuka hata mlango. Nako Uingereza, upande wa England, mwenye ardhi anayeanzisha msitu mpya anaweza kulipwa gharama za kupanda, halafu pauni 400 kwa hekta kila mwaka kwa miaka 15, za kutunza tu. Miaka 15! Nilisoma mara mbili nikidhani ni miezi. Wamefikiri kama mkulima: kupanda ni kazi ya siku moja, kulea ndiko kunakomaliza fedha.

Hatuna pauni hizo, sawa. Lakini fedha ndogo tuliyonayo ingeweza kugawanywa. Sehemu itoke kabla ya mvua, ya miche na kuchimba mashimo, ili asiye na mtaji naye aingie. Sehemu nyingine ibaki mpaka kiangazi cha pili, bwana misitu apite na mtendaji, wahesabu mti uliosimama, walipe kwa idadi hiyo. Anayetaka kudanganya atadanganya tu, lakini kuubandika mti mkavu majani mabichi ni kazi ngumu kuliko kusaini daftari chini ya mwembe.

Na hiyo sehemu ya pili ingefidia kazi ya kuzuia moto. Kuanzia Agosti mtu anasafisha shamba, moto unamtoroka. Au vijana wanawinda panya. Wasio wa huku msicheke. Panya wa porini ni kitoweo, na njia rahisi ya kuwatoa ni kuchoma nyasi. Mtiki una bahati, ukiungua unaweza kuchipua tena kwenye kisiki, lakini umerudi nyuma na shina linatoka limepinda. Dawa ni kufyeka na kulima ukanda mtupu kuzunguka shamba kabla ya Julai kwisha. Kibarua wa kazi hiyo analipwa taslimu, hapokei mche. Katika maandiko yote niliyochapa, mstari wa bajeti unaokatwa kwanza ni huo, mwombaji mwenyewe anasema "toa hiyo, wataona fedha nyingi".

Halafu ardhi. Alikuja bibi mmoja na fomu imekunjwa ndani ya khanga, kaandikiwa nusu na mjukuu. Tukafika kwenye uthibitisho wa umiliki.

"Andika shamba ni langu, mwanangu."

"Bibi, wanataka hati ya kimila, au barua ya serikali ya kijiji."

"Mikorosho ile nilipanda mimi na marehemu. Kijiji kizima kinajua."

"Najua bibi, lakini karatasi haijui."

Akakaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ndugu wa marehemu wameanza kusogeza ile mibono ya mpakani. Hapo nikaelewa fomu ya miti imebeba nini. Kwetu huku kupanda mti wa kudumu ni kusema ardhi hii ni yangu. Mtu atakuazima shamba ulime muhogo, kunde, njugu mawe, hata miaka kumi, lakini ukionekana na mche wa mkorosho kikao cha ukoo kinaitishwa jioni ileile. Kwa hiyo ruzuku ya miti ikimwendea mwanamke asiye na karatasi, inamsogeza kwenye kesi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki sawa na mwanamume ya kumiliki, na hati ya hakimiliki ya kimila inatolewa na kijiji chenyewe. Lakini hadi shamba lipimwe, majirani wasaini mipaka, kijiji kiwe na masjala ya kuhifadhia, ruzuku imeshafungwa. Ningekuwa na sauti, ningesema kijiji kipimiwe kwanza, miche ifuate.

Watu huniuliza, mbona mikorosho inapandwa bila kuhubiriwa? Kwa sababu inajibu haraka. Nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari inabeba miti 28 hivi, na mche bora wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mzuri, unaanza kuzaa mwaka wa tatu. Mnada wa Oktoba 2024 kilo ilivuka shilingi 4,000. Nani atamshawishi mtu ang'oe hapo aweke mtiki wa kusubiri miaka 20 na zaidi? Mpingo ndiyo usiseme, unatajiwa miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa. Anayepanda mpingo anampandia mtoto wa mjukuu wake, na huyo naye atahitaji kibali. Ruzuku ina maana zaidi hapo, kwenye miti isiyompa mpandaji chochote kwa muda mrefu, kuliko kugawa mti wowote ilimradi idadi itimie. Mjomba mitiki yake ameiweka mpakani tu, mistari miwili, na katikati analima mbaazi. Ile 100 ya Aprili aliilaza kivulini mpaka Desemba, anaigawia maji ya kuoshea vyombo. Iliyofika ni michache, lakini ndiyo aliyoipanda na ipo.

Kwa walio Newala na Tandahimba wanaotaka kuomba msimu huu: njooni Juni au Julai, msingoje tangazo. Muulizeni bwana misitu wa halmashauri yenu fomu ya sasa ni ipi, maana hubadilika. Leteni namba ya NIDA, barua ya mtendaji yenye muhuri unaosomeka (ule wa wino uliokauka unarudishwa), na kama shamba ni la ukoo, muhtasari wa kikao wenye majina kamili na sahihi za wajumbe, mjomba wa mwombaji akiwemo. Mfano wa muhtasari ninao kwenye kompyuta, tunabadilisha majina tu. Na mstari wa kufyekea moto safari hii siufuti, hata mkinibembeleza.