Usiku wa Lupita uani kwa Bibi

Mtoto wa dada alikuwa anaangalia katuni ya yule roboti anayelea kifaranga cha bata bukini, The Wild Robot. Nikapita sebuleni nikamwambia, "Sauti ya huyo roboti ni ya Lupita, yule Mkenya." Akageuka. "Wa Oscar? Si wewe ulimwona siku anapewa?" Aliyemwambia bila shaka ni Baba Mdogo, maana hadithi ya usiku ule haimtoki mdomoni, awe msibani au harusini, na kila akiisimulia lile banda lake la video linajaa watu zaidi. Nikamjibu kwamba nilimwona, ila kwenye runinga, Ujiji, uani kwa Bibi. Akataka nimsimulie. Nikamsimulia nusu. Nusu iliyobaki naiandika hapa, kwa sababu yeye bado mdogo na mimi bado sijaamua nitamwambiaje.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014. Kule Hollywood, kwenye ukumbi wa Dolby, bado ilikuwa Jumapili: sherehe ilianza saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zao, na kwetu ikawa saa kumi na nusu usiku. Giza lilikuwa zito. Mwezi ndiyo kwanza ulikuwa umeandama, na mnajua giza la mwezi ndilo la dagaa, kwa hiyo wanaume wengi wa mtaani walikuwa ziwani na taa zao. Tuliobaki bandani tulikuwa wachache: Baba Mdogo, vijana wa bodaboda, mwalimu mmoja mwenyeji wa Rorya ambaye tangu jioni alikuwa anamwambia kila mtu kwamba Lupita ni Mjaluo na kwa hiyo ni dada yake, na mimi.

Dishi la bandani lilifungwa kwa ajili ya mpira. Umeme wa Kigoma miaka hiyo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli na haukuwa wa kuuamini, kwa hiyo Baba Mdogo alikuwa na kijenereta chake cha petroli nyuma ya choo, na mlio wake ulikuwa sehemu ya kila filamu tuliyoiona utotoni. Kawaida yake filamu za Kizungu alizitafsiri mwenyewe kwa maiki. Watu walimpenda kwa hilo kuliko hata filamu. Alijua stelingi atasema nini kabla hajafungua mdomo. Lakini usiku ule hapakuwa na stelingi wala adui, palikuwa na watu wamevaa suti wanashukuru mama zao, tena kwa haraka. Akanipa maiki mimi. "Wewe ndiye uliyesoma. Tuambie wanasema nini."

Basi nikatangaza Oscar, Ujiji, saa kumi na nusu usiku. Spika moja ilikuwa ndani, nyingine nje juu ya mlango, na hakuna aliyekumbuka kuizima ile ya nje.

Tuzo ya kwanza ilikuwa ya mwigizaji msaidizi wa kiume, na pale tulikuwa na mtu wetu: Barkhad Abdi, Msomali, mzaliwa wa Mogadishu, aliyecheza Captain Phillips. Vijana walikuwa wameshaiona ile filamu hapohapo bandani na wakaitaka tena na tena. Kabla ya kupata ile kazi hakuwahi kuigiza, na sasa amekaa safu za mbele. Akapewa Jared Leto. Banda likanuna. Kijana mmoja akavaa koti aondoke, mwalimu akamshika mkono: "Kaa. Wa kwetu bado."

Yaliyofuata siwezi kuyasimulia kwa mpangilio. Mavazi, katuni, filamu fupi, sauti. Ellen DeGeneres aliyekuwa anaongoza sherehe akaagizia mastaa piza, akapiga nao ile selfi iliyovunja rekodi ya Twitter, na kaka yake Lupita akajipenyeza ndani ya picha. Hapo mwalimu alisimama juu ya benchi: "Shemeji zangu! Mnamwona shemeji yenu?" Nilitafsiri nilichoweza. Kingine nilikiacha kipite.

Baba Mdogo ndiye aliyeona watu wanaanza kusinzia. Akasema niwasimulie filamu ya huyo binti, wajue anashindania nini. Mimi nilikuwa nimeiona 12 Years a Slave kwenye flashi iliyotoka Dar, na tangu niione ilikuwa bado imenikaa kifuani. Nikawasimulia. Kwamba Solomon Northup alikuwa mtu huru wa jimbo la New York, mpiga fidla, mwenye mke na watoto. Mwaka 1841 akalaghaiwa kwa ahadi ya kazi, akalevywa, akaamka amefungwa minyororo, akauzwa Louisiana. Alitoka 1853. Na kwamba kwenye shamba la pamba alikutana na msichana anaitwa Patsey, ndiye Lupita, ambaye alichuma zaidi ya kilo 200 za pamba kwa siku, akawashinda wanaume, na bwana wake akamtamani, na mke wa bwana akamchukia kwa hilo, mpaka akamnyima sabuni. Sabuni ya kuogea. Patsey akaenda shamba la jirani kuomba kipande, akarudi nacho mkononi, akafungwa kwenye nguzo akachapwa mpaka mgongo ukachanika.

Nilipofika hapo Bibi alikuwa mlangoni.

Wengi wenu mlimjua Bibi kwa sabuni zake. Kwa wasiomjua: alichemsha mawese kwenye pipa lililokatwa, akatia kostiki, akakoroga kwa mti wa mpera mpaka uji ukashika, akaumimina kwenye sanduku la mbao, na kesho yake akaukata miche kwa waya. Kazi hiyo aliianza kila siku kabla ya alfajiri, ili ikifika swala awe ameshapunguza moto. Moto wake ulikuwa hatua chache kutoka bandani. Spika ya nje ilikuwa juu ya kichwa chake. Kwa hiyo tangu mwanzo alikuwa anasikiliza.

Alisimama na ule mti wa mpera mkononi, ncha yake imeganda sabuni ya rangi ya kahawia. Vidole vyake vilikuwa na mabaka meupe ya kostiki, yale yasiyotoka. Bibi hakuwahi kuingia bandani. Alisema ni mahali pa makelele na pa wanaume.

"Nani huyo aliyepigwa kwa ajili ya sabuni?"

"Ni filamu, Bibi."

"Filamu ya kweli au ya kutunga?"

"Ya kweli. Yule mwanamume alipotoka utumwani aliandika kitabu."

"Na binti?"

"Binti alibaki shambani. Alikoishia hakujulikani."

Kijana wa bodaboda akampisha. Akakaa kwenye benchi la mbele, mti ameulaza mapajani, sabuni inachafua kanga. Christoph Waltz alikuwa ameshapanda jukwaani na bahasha. Walisomwa watano: Sally Hawkins, Jennifer Lawrence, Lupita Nyong'o, Julia Roberts, June Squibb. Mimi maiki ilikuwa inateleza kwa jasho. Mwalimu alikuwa amefumba macho.

Jina lilipotajwa sikutafsiri kitu. Kulikuwa na nini cha kutafsiri? Banda lilipiga kelele moja, mabati yakalia, mbwa wa majirani wakaanza. Mwalimu aliruka, akanikumbatia na maiki yangu, spika ikapiga yowe. Lupita akainuka na lile gauni la samawati hafifu, akawakumbatia wenzake, akapanda ngazi. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Mimi nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Msichana wa Afrika Mashariki, filamu yake ya kwanza kubwa, mbele ya Julia Roberts! Nilikuwa nimekulia kwenye banda lile nikiamini kwamba sisi kazi yetu ni kuangalia.

"Anasema nini?" Baba Mdogo akanikumbusha kazi.

Maneno yake ya mwisho, yale ya watoto, mnayajua wote, yaliandikwa hadi kwenye fulana: kwamba popote utokapo, ndoto zako ni halali. Vijana waliyashangilia sana. Lakini kabla ya hayo, mwanzoni kabisa, alisema kitu kingine, nikakisema kwa maiki polepole ili nisikiharibu. Alisema hasahau hata kidogo kwamba furaha kubwa aliyonayo maishani imetokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine. Akaisalimu roho ya Patsey, akaishukuru kwa kumwongoza.

Bibi akanivuta nguo.

"Kamtaja?"

"Kamtaja, Bibi."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake. Patsey."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa deni limelipwa. Huku nyuma watu wanacheza, mwalimu anaimba Kijaluo, Baba Mdogo ameongeza sauti. Bibi akasema, si kwa kuninong'oneza, kwa sauti yake ya kawaida ya kuulizia chumvi: "Bibi yangu mimi alivushwa ziwa. Walimtoa Manyema, ng'ambo huko Kongo, akiwa mdogo, hajavunja ungo. Waliompitisha hapa walimwacha hapa kwa sababu ya homa, wenzake wakaendelea na msafara."

Nikamuuliza alikuwa anaitwa nani. Akasema jina nililolijua, la Kiislamu, lile tunalolisoma kwenye hitima. "Hilo alipewa hapa," akasema. "La kwao hakulitaja. Na sisi hatukumuuliza."

Adhana ya alfajiri ikatoka. Akainuka, akaenda kutawadha.

Sherehe iliendelea mpaka saa mbili asubuhi. Steve McQueen alirukaruka jukwaani 12 Years a Slave ilipopewa tuzo ya filamu bora, John Ridley naye alikuwa ameshachukua ya mswada, na watoto wa shule walichungulia mlangoni na mabegi yao. Mimi nilitafsiri yote hayo. Siyakumbuki vizuri. Nilikuwa bado nasikia "alivushwa ziwa".

Nimezaliwa Ujiji. Tangu shule ya msingi tulipelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone kuonyeshwa mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, chini ya mwembe. Tuliambiwa njia ya misafara ilianzia hapa, ikapita Tabora, ikaishia Bagamoyo, na kwamba miembe mikubwa ya mjini ni ya wakati ule. Njia hiyo serikali yetu iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia ya UNESCO. Yote hayo niliyajua kwa mtihani. Kwamba ile njia inapita ndani ya nyumba yetu, kwamba mtu mmoja wa ule msafara ndiye aliyemzaa aliyemzaa Bibi, hakuna aliyewahi kuniambia. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Mama yake Bibi alikuwa ameshazaliwa.

Nilijaribu tena kumuuliza Bibi, miezi ile iliyofuata, tukiwa wawili tunakata miche. Alinipa kitu kimoja tu: kwamba bibi yake hakukubali hata siku moja mlango wa chumba chake utiwe komeo, awe ndani au nje, na akifungiwa kwa bahati mbaya alipiga kelele mpaka nyumba nzima inaamka. Kisha akaniambia nishike waya vizuri. Mwaka 2017 akafariki.

Baba Mdogo anapoisimulia ile alfajiri, anaishia kwenye mwalimu juu ya benchi. Nilimuuliza kwa nini Bibi hamweki kwenye hadithi yake, naye alikuwa pale, alisikia. Akasema hayo si ya kusemwa kwa maiki. Shangazi ana sababu kali zaidi. Anasema huyu mtoto ataposwa siku moja, na pwani na bara watu bado wanachimba ukoo wa bibi harusi, na neno moja la jirani linatosha kuvunja posa. Nimeona posa ikivunjwa hivyo, sidanganyi. Kwa hiyo simlaumu. Lakini naona tunaibeba aibu ya watu wengine. Aliyemvusha yule mtoto ndiye wa kuficha uso, si sisi tuliotokana na huyo mtoto. Na Bibi, ambaye aliuweka moyo wake kimya miaka yote, alichouliza usiku ule hakikuwa nani kashinda. Aliuliza kama binti ametajwa.

Labda kimya chake kilikuwa na hekima nisiyoiona. Labda alinisemea mimi peke yangu, niwe nayo, basi. Nalifikiria hilo sana.

Haya yote nilimsomea Shangazi kwa simu kabla ya kuyatoa. Akakaa muda bila kusema, kisha akaniambia niyatoe, ila ukoo nisiutaje. Sijautaja. Na mimi nikamwomba jambo: dada yao mkubwa yupo Kasulu, ndiye aliyelelewa na mama yake Bibi mpaka akaolewa. Amuulize kama jina lile la Manyema aliwahi kulisikia hata mara moja. Shangazi amesema atamuuliza baada ya Idi.