Nilivyomwia radhi binti ya shangazi

Ramadhani ikikaribia, simu za watu wa Mombasa hujaa ujumbe ule ule: niwie radhi kwa lolote nililokukosea, kwa kujua au kutojua. Hutumwa na mwenye duka, na mwalimu wa madrasa, hata na mtu uliyeachana naye tangu shuleni. Mwaka ule ulinijia pia kutoka kwa binti ya shangazi yangu, aliyeeneza maneno Mji wa Kale mzima hadi posa yangu ikavunjika. Kwa lolote! Nilijibu "nimekuwia", maana nani hajibu hivyo, kisha nikakesha macho wazi.

Uongo wenyewe siurudii, ushazunguka vya kutosha. Kilichonishinda ni mwili. Nikisikia sauti yake harusini tumbo hukaza, pilau haipiti. Ikawa siendi popote kabla ya kuuliza nani atakuwapo. Yeye anacheza chakacha, mimi niko nyumbani.

Shangazi alitaka tushikane mikono mbele ya wazee yaishe. Simlaumu, ni mama, lakini haraka ile ilikuwa ya kuokoa jina la nyumba.

Aliyenifaa ni bibi. Alinisomea aya ya 22 ya Surat an-Nur. Bibi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, alizuliwa uongo, na miongoni mwa waliouvumisha alikuwamo Mistah, jamaa ya Abu Bakr, babake Aisha, aliyekuwa akimsaidia Mistah kwa mali yake. Abu Bakr akaapa hampi tena kitu. Ndipo aya ikauliza: kwani hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Akamrudishia msaada wake. Bibi akaniambia nitazame mpangilio: aya zilizotangulia zimeshautaja uongo kuwa ni uongo na kumsafisha Aisha. Suala la kusamehe limekuja baadaye.

Baadaye nilisoma habari za Robert Enright, mwanasaikolojia Mmarekani aliyeanza kuutafiti msamaha miaka ya 1980. Kwake pia kazi huanza kwa kuikabili hasira. Uamuzi wa kusamehe hufuata, na kupatana na aliyekukosea ni jambo jingine kabisa. Hilo la mwisho lilinipunguzia mzigo mkubwa.

Basi nikachukua daftari nikaandika nilichopotezewa. Nilidhani nitaanza na mchumba. (Bwana aliyeamini maneno bila hata kuniuliza, namshukuru Mungu sikuolewa naye.) Mkono ukaandika mambo mengine: mimi na binti ya shangazi tulivyokuwa tukilala kitanda kimoja likizo, tukipakana hina, tukicheka hadi kufokewa. Hapo nililia kweli.

Nikaamua sitamlipizia wala kumsema. Moyo haukufuata siku hiyo. Hasira ilirudi, hasa usiku, nami kila ikirudi nilimwombea dua kwa jina lake, mwanzoni kwa meno yaliyokazwa. Ilipoanza kulegea nikamwendea, bila wazee: "Dada, ulisema hivi na hivi kunihusu, na haikuwa kweli. Nimekuwia radhi." Nusu alikana, nusu akakubali. Sikudai zaidi.

Harusini sasa naenda bila kuuliza. Alipojifungua nilikwenda kumtazama mzazi, mtoto nikampakata. Siri zangu ndizo simpi: posa mpya ilipokuja, aliisikia siku ya kualikwa, pamoja na majirani.